Umeme wa Juba na Hesabu za Mji Usio na Gridi

Shirika linalosambaza umeme katika mji mmoja usiounganishwa na gridi ya taifa, yaani mtandao wa nyaya kubwa unaokusanya umeme wa vituo vingi na kuupeleka katika miji mingi, hubeba peke yake gharama ambazo kwingineko hugawanywa kati ya mamilioni ya wateja, na Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, ndipo mzigo huo unapoonekana kwa uwazi mkubwa. Nchi hiyo ilipopata uhuru tarehe 9 Julai 2011 haikuwa na gridi ya taifa, na mpaka miaka ya karibuni waliofikiwa na umeme ni chini ya mtu mmoja kati ya kumi. Vita vilipozuka Desemba 2013 hali ilizidi kuwa ngumu, mwenye uwezo akategemea jenereta yake na asiye na uwezo akabaki na taa ndogo ya sola au bila chochote.

Mwaka 2019 kilizinduliwa kituo cha megawati 33 kilichojengwa na kundi la kampuni za Ezra, pamoja na nguzo, nyaya na transfoma za mradi uliogharimiwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika kwa takriban dola milioni 38, na kazi ya kusambaza umeme ikakabidhiwa JEDCO, kampuni ya ubia kati ya shirika la umeme la serikali na Ezra. Kilowati moja ni kiasi cha nguvu kinachotosha kuwasha pasi moja, na megawati ni kilowati 1,000. Kile ambacho wateja hukiita uniti ni kilowati-saa, yaani umeme unaotumiwa na pasi hiyo ikiwaka kwa saa moja mfululizo.

Uniti hizo huuzwa kwa mita za malipo ya kabla, utaratibu ambao Watanzania wanaujua kwa jina la LUKU, na kwa shirika changa utaratibu huu si suala la urahisi tu bali ni uhai wenyewe. Mitambo ya mafuta haikopeshi: tangi likikauka mji mzima huzimika siku hiyo hiyo, kwa hiyo shirika linalongoja ankara za mwisho wa mwezi lazima liwe na akiba ya kununulia mafuta ya mwezi mzima, akiba ambayo mashirika madogo huwa nayo kwa nadra sana.

Hata hivyo malipo ya kabla hayazuii upotevu, yaani tofauti kati ya uniti zinazoingia katika nyaya na zile zinazolipiwa, tofauti inayotokana na nyaya kupata joto, transfoma kuzidiwa, na vishoka, yaani mafundi wasio rasmi, kuwaunganishia watu umeme bila kupitia mita. Ikichukuliwa kwa mfano kwamba uniti 25 kati ya 100 hupotea, zile 75 zilizobaki hulazimika kulipia gharama ya zote 100, na bei kwa mteja mwaminifu hupanda kwa theluthi moja. Anayejiunganishia kwa siri, basi, humwibia jirani yake kabla ya kuliibia shirika.

Zito kuliko yote ni suala la sarafu. Mafuta, vipuri na mikopo hulipwa kwa dola, ilhali mfanyabiashara wa soko la Konyo Konyo hupata mapato yake kwa pauni ya Sudan Kusini, sarafu ambayo Desemba 2015, serikali ilipoacha kuipangia thamani, ilishuka kutoka pauni zipatazo 3 kwa dola hadi zaidi ya 18. Bei ya umeme isipobadilishwa wakati wa mporomoko kama huo, kila uniti inayouzwa huliongezea shirika hasara. Ikibadilishwa ghafla, mteja hurudia mkaa na mishumaa. Kituo cha sola cha megawati 20 ambacho Ezra imekijenga nje ya mji hupunguza kiasi cha mafuta yanayohitajika, ingawa mkopo na vipuri vyake navyo huhesabiwa kwa dola.

Ni nani, basi, apange bei? Katika mji wa Yei, kusini-magharibi mwa Juba, jibu lilitolewa kwa njia nyingine: chama cha ushirika wa umeme, kilichosaidiwa na Marekani, kilianza kusambaza umeme mwaka 2008, na waliounganishwa walikuwa wanachama na wamiliki kwa wakati mmoja. Huko Urambo, mkoani Tabora nchini Tanzania, ushirika wa watumiaji wa umeme uliochukua kazi hiyo katikati ya miaka ya 1990 ulikubali bei iliyozidi ile ya TANESCO, shirika la umeme la taifa, ili jenereta ziendelee kuwaka kwa saa chache za jioni, uamuzi ambao pengine ungezua malalamiko makubwa kama ungetoka ofisi ya mbali. Udhaifu wa mfumo huo ulionekana Yei baada ya mapigano ya mwaka 2016 kuwakimbiza wakazi wengi hadi Uganda, kwa kuwa ushirika unapokimbiwa na wanachama wake hupoteza mapato na uongozi kwa pamoja.

Juba haihitaji kuvunja ubia wake ili kujifunza kutoka miji hiyo. Inahitaji hesabu za JEDCO kubandikwa hadharani kila mwezi, zikionyesha uniti zilizonunuliwa, zilizouzwa, zilizopotea na kiwango cha dola kilichotumika kupangia bei, na inahitaji wawakilishi wa wateja kuketi katika kikao kinachoidhinisha bei hiyo, kwa sababu anayepandisha bei katika mji huo ndiye pia mshirika wa anayeuza umeme, na mteja anastahili kuziona hesabu kabla hajatakiwa kuzilipia.