Miwani ya Uhalisia Pepe na Deni la Wakati

Siku moja nilialikwa kuwatazama wanafunzi wa sekondari wakijaribu mchezo wa kompyuta kwa kuvaa miwani ya uhalisia pepe. Kijana mmoja wa kidato cha tatu aliivaa kwa furaha, lakini hazikupita dakika tano akaivua, jasho likimtoka na tumbo limemchafuka. Wenzake walicheka. Mwalimu msimamizi akasema kijana huyo hana mwili wa kuhimili mambo hayo, akamwita mwingine. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hukumu ile ilitolewa kabla ya ushahidi, na kwamba kasoro nyingi za kifaa hiki zaweza kupimwa, kuelezwa na kuondolewa.

Kifaa chenyewe

Asili yake ni ya zamani. Mwaka 1838 mwanasayansi Charles Wheatstone wa Uingereza alieleza chombo kiitwacho stereoskopu. Kila jicho lilionyeshwa mchoro wake, na michoro hiyo miwili ilitofautiana kidogo tu. Ubongo ukaiunganisha kuwa kitu kimoja chenye kina. Mwaka 1968 Ivan Sutherland wa Marekani alitangaza kifaa cha kuvaliwa kichwani kilichounganishwa na kompyuta, ambacho picha yake ilibadilika kadiri mvaaji alivyogeuka. Kifaa hicho kiliunganishwa na dari. Mwaka 2016 miwani ya Oculus Rift na HTC Vive ilianza kuuzwa kwa wachezaji wa kawaida.

Katika aina tunayoizungumzia hapa, kazi ya kuchora hufanywa na kompyuta iliyo mezani. Kazi hiyo ina hatua tano. Kwanza, vitambuzi vilivyomo katika miwani, kama vile jairoskopu na kipima mchapuko, hupima mwendo wa kichwa. Pili, mchezo hukokotoa mahali alipo mchezaji. Tatu, kadi ya michoro huchora picha mbili, moja kwa kila jicho. Nne, picha hizo husafirishwa kwa waya au kwa mawimbi ya redio. Tano, skrini huwaka, na lenzi hulifanya jicho lione kana kwamba skrini hiyo iko umbali wa kutosha kutazamwa bila taabu.

Hesabu ya wakati

Katika miwani ile ya mwaka 2016, kila jicho lilikuwa na pikseli 1080 × 1200, yaani 1,296,000. Kwa macho mawili ni 2,592,000. Picha ilibadilishwa mara 90 kwa sekunde. Kwa hiyo skrini zilihitaji pikseli 233,280,000 kila sekunde. Tukigawa milisekunde 1000 kwa 90, tunapata kwamba kila picha ina muda wa milisekunde 11.1 tu.

Tuseme kadi inatumia milisekunde 14 kwa kila picha. Picha hiyo imechelewa zamu yake. Programu hulazimika kuichukua picha iliyopita na kuisogeza kidogo ifuate mgeuko wa kichwa. Mbinu hii husaidia, lakini vitu vilivyo karibu au vinavyokwenda huweza kuonekana vyenye kingo mbilimbili.

Sasa tuchukulie kwamba mchezaji anageuza kichwa kwa kasi ya digrii 100 kwa sekunde, na picha inachelewa kwa milisekunde 50. Ulimwengu anaouona utakuwa umekosea mahali pake kwa digrii 5. Ucheleweshaji ukiwa milisekunde 20, kosa hupungua hadi digrii 2. Kwa muda mrefu watengenezaji wamezichukua milisekunde 20 kuwa mpaka ambao haifai kuuvuka. Katika skrini ya kawaida, kuchelewa huleta kero tu. Ndani ya miwani, ulimwengu mzima huyumba.

Ushahidi wa sikio

Ndani ya sikio mna mifereji mitatu ya nusu duara yenye majimaji, ambayo huuarifu ubongo kila kichwa kinapogeuka. Mwalimu aweza kuonyesha jambo hili bila miwani yoyote. Mwanafunzi ashike kitabu mbele yake na kukitikisa upesi kushoto na kulia, huku kichwa kimetulia: maandishi hayasomeki. Kisha akishike kitabu kwa utulivu na atikise kichwa kwa kasi ileile: maandishi yanasomeka. Katika hali ya pili sikio limeliongoza jicho.

Msomaji aliyepata kuvuka kwa boti kati ya Dar es Salaam na Unguja wakati wa mawimbi anaijua hali ya sikio na jicho kutopatana. Akiwa amekaa ndani, sikio linasema “tunakwenda,” ilhali jicho linaona chumba kilichotulia. Katika miwani mambo hugeuka: jicho linaona mwendo, sikio linakana. Matokeo ni yaleyale, yaani kizunguzungu na kichefuchefu.

Hapa yatupasa kutenganisha visababishi viwili. Cha kwanza ni kompyuta kuchelewa. Cha pili ni mchezo wenyewe kumtembeza mtu aliyekaa kitini, jambo linaloweza kumchafua hata kompyuta iwe nzuri namna gani. Ndiyo maana mchezo wa Half-Life: Alyx wa mwaka 2020 humpa mchezaji hiari ya kuruka kutoka mahali hadi mahali badala ya kutembezwa. Mgeni aanze kwa dakika chache, na aivue miwani mara aonapo dalili ya kwanza.

Kutafuta kasoro

Kanuni ni moja: fuata hatua zile tano kwa utaratibu, na ubadilishe jambo moja tu kwa wakati mmoja.

(a) Miwani haionyeshi kitu. Hakikisha waya wa picha umechomekwa katika tundu la kadi ya michoro, si katika tundu la ubao mkuu. Kagua pia tundu la USB: toleo la 3.0 hupitisha hadi biti bilioni 5 kwa sekunde, ilhali toleo la 2.0 hupitisha milioni 480 tu.

(b) Mchezo unafunguka katika skrini ya mezani peke yake. Michezo mingi huwasiliana na miwani kwa kufuata mwafaka wa kiufundi uitwao OpenXR, uliokamilishwa mwaka 2019. Kompyuta huteua programu moja tu ya kuhudumia mawasiliano hayo. Ikiwa imeteuliwa ya miwani nyingine, ibadilishe.

(c) Mikono inapotea au sakafu inahama. Tazama mwanga wa chumba na betri za vishikio. Kamera nyingi hazifanyi kazi vizuri gizani, na vioo vya ukutani huzipotosha. Usiache kamwe lenzi zikielekea jua, kwa maana zitakusanya miale na kuiunguza skrini.

(d) Picha ina ukungu. Rekebisha umbali baina ya lenzi. Kwa watu wazima, umbali baina ya mboni za macho ni wastani wa milimita 63 hivi, lakini watu hutofautiana.

(e) Picha inakwamakwama. Punguza idadi ya pikseli. Ukipunguza kila upande hadi asilimia 80, idadi yote inakuwa 0.8 × 0.8 = 0.64, umeiondolea kadi zaidi ya theluthi ya kazi. Kama miwani haitumii waya, unganisha kompyuta na ruta kwa waya, na utumie masafa ya gigahezi 5.

Yaliyotokea mwaka 2018

Tarehe 7 Machi 2018 miwani ya Rift ilikataa kufanya kazi duniani kote. Waya zilikuwa nzima na kadi zilikuwa nzima. Kilichokwisha muda ni hati ya kidijitali iliyothibitisha uhalali wa programu yake. Baadhi ya wenye miwani walirudisha nyuma tarehe ya kompyuta, nayo ikafanya kazi. Baadaye kampuni ikatoa marekebisho. Aliyekimbilia dukani kununua waya mpya alipoteza fedha bure.

Hali kadhalika, mwaka 2024 toleo la 24H2 la Windows 11 liliondoa programu ya Windows Mixed Reality iliyohudumia aina kadhaa za miwani. Shule inayopewa au kuuziwa miwani iliyokwisha tumika haina budi kuuliza kwanza kama bado ina programu ya kuihudumia.

Turudi kwa yule kijana. Tulipofungua kipimo cha muda kilichomo katika programu, tuliona kila picha ikichukua milisekunde 19. Tulipunguza pikseli na vivuli hadi ikawa 10. Kijana alipumzika, na siku ya pili alicheza dakika kumi bila kudhurika. Mwalimu alimwomba radhi mbele ya wenzake.

Zoezi: Miwani ya Meta Quest 3 ya mwaka 2023 ina pikseli 2064 × 2208 kwa kila jicho. Kokotoa pikseli zinazohitajika kwa sekunde ikiwa picha inabadilishwa mara 90. Je, ni mara ngapi ya zile za mwaka 2016? Muda wa kila picha umebadilika?