Kiduha Husubiri Nini Ardhini

Ukiona maua ya zambarau ya kiduha kati ya mahindi au mtama, tayari umechelewa. Gugu hilo, ambalo Waluo huliita kayongo, limekuwa chini ya ardhi kwa wiki kadhaa likinyonya mizizi. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi, na zinaweza kulala udongoni zaidi ya miaka 10. Mvua peke yake haiziamshi. Zinasubiri kemikali itokayo kwenye mzizi wa jirani.

Kemikali ya kwanza ya aina hiyo, strigoli, ilitangazwa Marekani mwaka 1966. Ilitoka kwenye mizizi ya pamba, mmea ambao kiduha hakiushambulii. Kwa nini basi mmea umwite mwizi? Jibu lilikuja kutoka Japani mwaka 2005: strigolaktoni, yaani strigoli na nduguze, ni wito kwa kuvu wa ardhini wanaouletea mmea fosforasi na kulipwa chakula. Shamba likichoka, mmea huita zaidi. Kiduha ni mdoezi tu, amesikia mwaliko usio wake.

Wito huo ni hafifu mno, tena umechanganyika na maelfu ya kemikali nyingine. Hapo ndipo inapoingia metabolomiki, elimu ya kupima kwa pamoja molekuli ndogondogo ambazo kiumbe hai hutengeneza. Jeni hukueleza mmea unaweza kufanya nini. Molekuli hizi hukueleza umefanya nini leo asubuhi.

Kazi yenyewe inataka haraka. Jani likichumwa, kemia yake huanza kubadilika papo hapo, kwa hiyo hugandishwa kwa nitrojeni ya kimiminika yenye baridi ya nyuzi -196 za Selsiasi. Husagwa, hulowekwa kwenye methanoli, kisha mchuzi wake hupitishwa kwenye bomba jembamba ambamo kila kemikali husafiri kwa mwendo wake. Mwishoni kuna spektrometa, mizani inayopima uzito wa molekuli mojamoja. Kwa majimaji ya mizizi, hatua ya kusaga haipo.

Mizani hiyo ina udhaifu mmoja, na wageni wa kazi hii huusahau. Strigoli na orobankoli, ndugu yake, zina atomi zilezile na uzito uleule. Tofauti ni namna atomi hizo zilivyopangwa. Mizani peke yake itakuambia ni kitu kimoja. Ni muda wa kutoka bombani unaozitenganisha.

Kwa kiduha, mpangilio huo ni jambo kubwa. Mwaka 2017 watafiti walieleza siri ya mtama uitwao SRN39, ambao kiduha hakiupati kirahisi. Jeni moja imepotea, na mizizi inatoa orobankoli badala ya strigolaktoni inayoamsha mbegu za kiduha kwa nguvu. Kuvu bado wanaitambua orobankoli. Mtama haukunyamaza, umebadilisha lafudhi.

Binafsi hunivutia zaidi yale yasiyo na jina. Katika kipimo kimoja cha mmea, alama nyingi zinazojitokeza kwenye skrini hazijatambuliwa ni molekuli gani. Tunajua uzito wake, tunajua zimetoka dakika ya ngapi, na pengine kwamba huongezeka mdudu akitafuna jani. Nyingi hubaki kwenye jedwali zikiwa namba tupu.