Tuunganishe Shimba na mikoko, lakini tujihadhari na kichocho

Mwambie mkulima wa Pwani aache miti ikue kandokando ya mto, naye atakujibu kwamba vichaka huleta malaria. Imani hii imeenea hata mijini, na kwa sababu yake watu hufyeka hadi ukingoni mwa maji.

Chukua mfano wa mto Mkurumudzi, Kaunti ya Kwale. Huanzia Milima ya Shimba, iliyofanywa hifadhi mwaka 1968, hupita mashambani na kuingia baharini karibu na Gazi. Huko wanakijiji wa Gazi na Makongeni wamekuwa wakilinda mikoko chini ya mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013. Hulipwa kwa hewa chafu inayofyonzwa na mikoko hiyo, na pesa hizo husaidia shule na maji. Juu kuna hifadhi, chini kuna mikoko. Ukanda wa miti ukifuata mto katikati ya mashamba, mbega na ndege watapata njia, na mvua haitabeba udongo wote hadi baharini. (Ndovu ni jambo jingine. Hao huhitaji ardhi kubwa na makubaliano kama ya Mwaluganje mwaka 1995, ambapo wakulima walitoa mashamba yao kwa kugawiwa mapato ya watalii.)

Je, malaria? Mbu anayeieneza zaidi barani Afrika hupenda kutaga mayai katika vidimbwi vidogo vinavyopigwa na jua: nyayo za ng'ombe, alama za magurudumu, mashimo ya kuchimbia udongo wa matofali. Kivuli cha miti hakimfai. Ni kweli kwamba mbu wazima hujificha mahali penye ubaridi, kwa hivyo usiache kichaka kiguse dirisha lako, na ulale ndani ya neti yenye dawa. Lakini mti ulio ukingoni mwa mto hauna hatia.

Mimi nahofia zaidi kichocho, ugonjwa uliozoeleka sana Kwale. Konokono wa maji baridi hutoa viini vinavyopenya ngozi ya mtu aliyeingia majini, hata kwa dakika chache. Kivuli kizuri kitawavuta watoto kuoga na akina mama kufua. Ukanda huo basi uwe na madaraja ya miguu, mabomba ya maji vijijini na vyoo mbali na mto, maana mkojo na kinyesi cha mgonjwa ndivyo huwaambukiza konokono. Tukipanda miti tu, tutajaza zahanati.

Mtoto akikojoa damu, usingoje. Mpeleke apimwe mkojo. Dawa yake, prazikwanteli, humezwa kulingana na uzito na hufanya kazi vizuri, lakini haimkingi akirudi kuogelea mtoni. Asipotibiwa kwa miaka mingi, kibofu huharibika na huweza kupata saratani.