Beni: Foto za mwaka wa 1906 zingali zinaonyesha barafu ya Ruwenzori ambayo leo haipo

Asubuhi, mvua ya usiku ikiisha kukatika, wakaaji wa Beni wanaotazama upande wa mashariki hupata dakika chache za kuuona mlima Ruwenzori kabla mawingu hayajaufunika tena. Watu wengi huinua telefoni. Wanapiga picha moja, wanaituma kwa ndugu walio Butembo, Kampala ao Kinshasa, kisha kila mtu anaenda kazini.

Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, mtu aliyetaka picha ya kilele hicho alilazimika kupanda nayo vioo mgongoni.

Mtu huyo alikuwa Vittorio Sella, Muitalia aliyezaliwa mwaka wa 1859 katika mji wa Biella, ambako jamaa yake ilikuwa na kiwanda cha nguo za sufu. Hakuwa na studio wala duka la foto. Kupiga picha ilikuwa mapenzi yake tangu ujana, na mapenzi hayo aliyakuta nyumbani: baba yake, Giuseppe Venanzio Sella, alikuwa ameandika mwaka wa 1856 kitabu cha kufundisha kazi ya foto, wakati Waitalia wengi walikuwa bado hawajaiona apareyi kwa macho.

Apareyi iliyompa jina ilitengenezwa na Dallmeyer wa London. Ilitumia bamba za kioo za sentimeta 30 kwa 40, kila moja kwa picha moja tu. Kioo cha kipimo hicho hakikosi nusu kilo. Mtu akitaka picha ishirini, ni kilo kumi za kioo, bila kuhesabu apareyi yenyewe na miguu yake mitatu. Kikianguka kimoja, picha imekufa. Ndiyo maana Sella alijitengenezea mifuko ya mgongoni na matandiko ya wanyama ya namna yake, ili vioo vifike salama. Baadaye alichukua pia apareyi ndogo zaidi, lakini hakuacha kupenda kioo kikubwa, kwa sababu kinashika kila ufa wa jiwe na kila mkunjo wa barafu.

Alipitia milima ya Ulaya, Caucasus, Alaska mwaka wa 1897, na Kangchenjunga huko Himalaya mwaka wa 1899. Mwaka wa 1906 akafika kwenye Ruwenzori pamoja na mtoto wa mfalme, Luigi Amedeo, mtawala wa Abruzzi. Walipanda kutokea upande wa Uganda. Tarehe 18 Juni, mtawala huyo alifika kwenye kilele kilicho juu kuliko vyote, meta 5 109, akakipa jina la Margherita, malkia wa Italia. Wanande na Wakonzo walikuwa wameujua mlima huo na theluji yake tangu zamani, na majina yao hawakuyaomba Italia. Ila kwenye karata za dunia yalibaki ya wageni. Hata Sella ana kilele chenye jina lake.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kungoja. Ruwenzori ni mlima wa mvua na ukungu. Mtu anaweza kukaa siku nzima mbele ya apareyi asione kitu. Mawingu yalipofunguka Sella alifungua kioo, na kati ya hewa moja na nyingine alipiga picha za mimea ile ya ajabu ya huko juu, inayopita urefu wa mtu.

Leo foto hizo zina kazi ambayo huenda mwenyewe hakuifikiria. Watafiti wanakadiria kwamba mwaka wa 1906 barafu ya Ruwenzori ilienea juu ya milima sita, karibu kilometa 7,5 za mraba. Kufikia mwaka wa 2003 ilikuwa imeshuka chini ya kilometa 1 ya mraba, na ilibaki juu ya mitatu tu: Stanley, Speke na Baker. Mahali ambapo picha ya Sella inaonyesha barafu nene, anayesimama pale sasa anakuta jiwe jeusi.

Kwa upande wa Congo, ujumbe wa Wabelgiji ulioongozwa na Xavier de Grunne ulipanda mwaka wa 1932, na kitabu chao kilitoka mwaka wa 1937. Njia ya upande huu inaanzia Mutwanga, kisha inapita ndani ya Hifadhi ya Virunga. Lakini tangu mauaji yaliyoanza eneo la Beni mwezi wa 10 mwaka wa 2014, kwenda huko na apareyi si jambo la matembezi. Tena, chini ya uongozi wa kijeshi uliowekwa tarehe 6 Mei 2021, apareyi kubwa inayoning'inia shingoni inaleta maswali kwenye kila kizuizi. Telefoni inapita kwa urahisi zaidi.

Na telefoni hiyo si haba. Waliojifunza kupiga picha na filimu ya foto 36 wanakumbuka namna kila foto ilivyohesabiwa, na namna mtu alivyongoja isafishwe ndipo ajue kama kichwa cha bibi harusi kimekatwa. Leo mtu anapiga foto mia moja kwa ubatizo mmoja. Shida imehamia pengine: telefoni ikiibiwa, ao jamaa ikikimbia usiku, foto zote zinakwenda pamoja nayo.

Anayetaka picha zake za Ruwenzori ziwe ushahidi hahitaji Dallmeyer. Asimame kila mara mahali pamoja, asisogeze picha karibu, aandike tarehe na saa, na aweke nakala nje ya telefoni. Vioo vya Sella, aliyekufa mwaka wa 1943, vimetunzwa mjini Biella na shirika lenye jina la jamaa yake. Alijaribu kupanda mlima Cervino akiwa na miaka 76, akarudi njiani kwa sababu mmoja wa waongozaji aliumia.