Usiku wa Daku na Jinamizi

Mwezi wa Ramadhani, usiku wa Kibokoni, Mombasa, huwa kama mchana. Baada ya tarawehe baraza za Mji wa Kale hujaa watu, simu zikipita mkono kwa mkono na video za majini na za ajali. Kisha watu hulala kidogo, huamka kula daku, huswali alfajiri na kurudi kitandani. Usingizi wa vipandevipande namna hiyo, tena baada ya habari za kutisha, ndio jinamizi linaoupenda.

Mwaka 1953, huko Chicago, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman walieleza usingizi ambao macho huchezacheza chini ya kope. Ndoto kali nyingi hutokea humo, na ubongo huilegeza misuli ya mwili ili tusiruke na kukimbia tunayoyaota. Akili ikizinduka kabla misuli haijaachiwa, mtu hujikuta macho, hawezi kusogea wala kupiga kelele, kifua kizito, na mara nyingi anahisi kuna kiumbe chumbani. Kulala chali na kukatizwa usingizi huongeza uwezekano huo. Hilo ndilo jinamizi, na ni kazi ya mwili tu. Sura ya kiumbe anayekukaba huletwa na masimulizi: Newfoundland, Kanada, ni bibi kizee; kwetu pwani ni jini.

Mwaka 1995 jini huyo aliitwa Popobawa. Hofu ilianzia Pemba, ikavuka hadi Unguja, na watu wakawa wanalala nje kwa makundi huku wakiota moto. Walioshambuliwa walieleza uzito kifuani na sauti isiyotoka, dalili zile zile. Lililonigusa zaidi ni sharti lake: ilisemwa kwamba aliyevamiwa asipowasimulia wenzake, Popobawa atamrudia. Kila aliyekabwa akawa mtangazaji, na kila msikilizaji akaenda kulala akiwa na sura tayari ya kumwona. Hapakuhitajika simu.

Mafunzo ya dini tuliyokua nayo yanaelekeza kinyume kabisa. Katika Sahihi Muslim, aliyeota ndoto mbaya anafundishwa kujikinga kwa Mwenyezi Mungu, kutema kidogo kushoto mara tatu, kugeuka ubavu mwingine, na kutoisimulia. Naona busara kubwa hapo: ubavu hubadilika, na uvumi hukosa pa kuanzia.

Usingizi wa baada ya alfajiri una upande wake mzuri pia. Wanaotaka kuota huku wakijua kwamba wanaota huamka kwa makusudi baada ya saa tano hivi, hukaa macho kidogo, kisha hulala tena, kwa kuwa usingizi wa ndoto huwa mrefu zaidi kuelekea asubuhi. Mnamo 1975 huko Hull, Uingereza, Keith Hearne alinasa ishara za macho kutoka kwa mwotaji akiwa ndotoni, ishara walizokubaliana kabla hajalala. Stephen LaBerge akafanya vivyo hivyo Stanford. Macho, tofauti na mikono na miguu, hayalegezwi na usingizi huo.

Si masimulizi pekee yanayoleta ndoto mbaya: miraa na muguka huchelewesha usingizi, na aliyezizoea akiziacha ghafla anaweza kuandamwa na ndoto za kutisha. Kwa ndoto mbaya zinazojirudia kuna tiba ambayo Barry Krakow na wenzake waliijaribu Marekani kwa wanawake waliodhulumiwa kingono, wakachapisha matokeo mwaka 2001: mchana, mtu huibadilisha ndoto yake apendavyo, kisha huirudiarudia hiyo mpya akilini. Ndoto mbaya zilipungua. Hata mtoto anaweza kuulizwa, jua likiwa limewaka, angependa ile ndoto yake iendelee vipi, akaichora upya.