Juu ya Maneno "Bure" na "Kustahiki" katika Kukodi Kompyuta za Mbali

Neno bure lina maana mbili za zamani katika Kiswahili: kitu kisicho na bei, na jambo lisilo na faida, kama katika "kazi bure". Biashara ya kompyuta imeleta ya tatu: kitu kisicho na bei kwa muda na kwa sharti. Maana hii isipofafanuliwa, msomaji wa mikataba hupata hasara.

Na uchukuliwe mfano wa vijana wawili wa Bukene, Wilaya ya Nzega, kwenye reli ya Tabora na Mwanza, waliotunga programu ya kuwajulisha wakulima bei ya mpunga. Wahitaji vitu viwili: ghala la kutunzia msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, na kompyuta ya kukodi iliyo mbali, ifikiwayo kwa intaneti, ambayo huitwa wingu.

Katika ghala, bure ni bure hasa. GitHub, iliyonunuliwa na Microsoft mwaka 2018, iliruhusu mwaka 2019 ghala za faragha bila malipo kwa washirika wasiozidi 3, na mwaka 2020 ikaondoa mpaka huo. Haidaiwi hati ya kampuni. Sharti huingia katika daraja la juu: mpango wake wa kampuni changa umetoa nafasi 20 kwa mwaka mmoja, lakini kwa kampuni yenye mdhamini anayetambuliwa.

Katika wingu, mambo ni mengine. Mpango wa Activate wa Amazon, ulioanza mwaka 2013, kwa miaka mingi ulitoa fungu la dola 1,000 kwa asiye na mdhamini, na hadi dola 100,000 kwa aliye naye. Fungu hili liitweje? Si mkopo, maana halirudishwi. Wala si zawadi kamili, maana haligeuzwi fedha, na hufa siku zake zikiisha.

Neno lililo karibu nalo ni la njia ya misafara: mali kauli. Katika karne ya 19 mfanyabiashara wa Unguja alipokea nguo na shanga pasipo fedha taslimu, akapita Tabora, akarudi na pembe za kulipia. Tippu Tip mwenyewe alisafiri kwa mali ya Taria Topan. Mali hiyo ilifuata imani na udhamini, wala haikufuata uhitaji. Na ndivyo ilivyo leo. Tofauti ni kwamba deni la msafara lilianza siku ya kupokea, na deni la wingu huanza siku fungu linapokwisha, kompyuta ingali inakwenda. Kwa hiyo "ruzuku ya matumizi yenye kikomo" ni tafsiri iliyo salama zaidi.

Kustahiki nako kwapotosha. Katika mazungumzo, astahikiye ni mwenye haki au sifa njema. Katika mipango hii ni yule tu aliyetimiza masharti: umri wa kampuni, kiasi cha mtaji uliopatikana, tovuti inayofanya kazi. Aliyekataliwa hakuhukumiwa kuwa hafai.

Tena liko neno kampuni. Watu husema "kampuni yetu" hata kwa jina la biashara lililosajiliwa BRELA. Lakini kwa sheria jina la biashara si kampuni, nayo kampuni husajiliwa chini ya Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002. Vijana wa Bukene wakijaza fomu kwa lugha ya mazungumzo, watakuwa wametoa habari isiyo kweli pasipo kukusudia. Kama wangali wanafunzi, mlango wao ni mwingine: tangu mwaka 2014 GitHub ina mpango wa wanafunzi, usiodai kampuni.

Kwa hiyo mfasiri wa masharti haya yampasa aandike pamoja na neno bure mambo matatu: kwa nani, mpaka lini, na nani atalipa baadaye. Vijana nao wafaa kuanza na ghala lisilo na sharti, na kuiomba ruzuku pale programu itakapokuwa na watumiaji, kwa kuwa siku zake huhesabiwa tangu inapotolewa.