Nauli Nafuu na Gharama Yake: Kisa cha Shirika la Ndege la Jeju

Kila ikaribiapo likizo ya skuli, katika nyumba zetu huanza hesabu ile ile. Baba, mama na watoto wanne ni tiketi sita, na mizigo juu yake. Swali la kwanza huwa moja: nani anauza rahisi? Swali hilo ni la haki, wala hakuna wa kumlaumu mwenye kuliuliza. Lakini liko swali la pili ambalo aghalabu hatuliulizi: urahisi huo umetoka wapi? Mwezi huu twapenda kuwachukua wasomaji wetu hadi Korea ya Kusini, ambako swali hilo la pili lina mafunzo mengi, matamu na machungu.

Kusini mwa nchi hiyo kipo kisiwa cha Jeju, chenye mlima wa volkeno uitwao Hallasan, mashamba ya machungwa, na wanawake mashuhuri wapigao mbizi kutafuta riziki baharini. Wakorea hukipenda kisiwa hicho kwa mapumziko, na wenyeji wake nao huhitaji kwenda bara kwa matibabu, masomo na biashara. Meli zipo, lakini mwenye haraka hana njia ila ya angani. Basi njia ya Seoul na Jeju imekuwa miongoni mwa njia zenye wasafiri wengi mno duniani. Mwaka 2023 ilikuwa na viti zaidi ya milioni 13.

Kwa miaka mingi njia hiyo ilikuwa mikononi mwa mashirika mawili makubwa, Korean Air na Asiana, na watu wa kisiwani walilalamika kwamba nauli zawaelemea. Mwaka 2005 serikali ya jimbo la Jeju iliamua kutolalamika tu. Iliungana na kampuni za Aekyung, ambazo asili ya biashara yao ilikuwa ni sabuni, na kwa miaka mingi ziliongozwa na Bibi Chang Young-shin, mjane aliyesomea kemia Marekani na kushika usukani mwaka 1972 baada ya kufiwa na mumewe. Jimbo lilitoa robo ya mtaji, kampuni ikatoa robo tatu, na hivyo likazaliwa shirika la Jeju Air. Ndege yake ya kwanza iliruka Juni 2006 kutoka uwanja wa Gimpo, Seoul, kwenda Jeju. Zilikuwa ndege ndogo za panga, zenye viti visivyofika 80, na nauli yake ilikuwa kiasi cha asilimia 70 ya nauli za wakubwa.

Shirika halikuwa na nguvu ya kushindana kwa anasa, likashindana kwa hesabu. Kuanzia mwaka 2008 lilianza safari za nje kwa kwenda Japani, na likaziacha pole pole zile ndege ndogo, likashika aina moja tu, Boeing 737-800. Faida ya aina moja yafahamika hata na mwenye gari mbili: fundi mmoja anazijua zote, vipuri ni vile vile, na rubani wa hii anaweza kuiendesha ile. Kwa miaka mingi ndani hapakuwa na daraja la matajiri. Viti vimesogezwa ili ndege ichukue watu hadi 189, na atakaye chakula au kiti cha mbele hukilipia mbali.

Lakini siri kubwa zaidi ni wakati. Ndege iliyosimama haiingizi hata senti, na huku kodi yake inahesabiwa. Tuchukue mfano, kama tulivyokuwa tukifanya darasani. Ndege yenye viti 189 ikiruka mara sita kwa siku itakuwa na viti 1,134 vya kuuza. Ikiwahi kushusha, kusafishwa na kupakia upesi, ikaruka mara nane, itakuwa na viti 1,512. Viti 378 vimepatikana kwa ndege ile ile. Mafuta yataongezeka, ni kweli, lakini kodi ya ndege imegawanywa kwa watu wengi zaidi. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki kimejazwa kwa dakika.

Hesabu hiyo ilizaa matunda. Mwaka 2015 hisa za Jeju Air ziliingia katika soko la hisa la Seoul, na mwaka 2018 mapato yake yalipita won trilioni moja. Likawa shirika kubwa kuliko yote ya nauli nafuu nchini humo. Ila jambo moja la kuzingatia lilitokea mwaka 2017. Shirika lilipopandisha nauli za kisiwani, serikali ya jimbo ililipeleka mahakamani, ikidai kwamba makubaliano ya mwanzo yalitaka ishauriwe kwanza. Mtoto alikuwa amekua, na mzazi akamkumbusha ahadi ya utotoni.

Kisha ikaja asubuhi ya Desemba 29, 2024. Ndege ya shirika hilo iliyotoka Bangkok ikiwa na watu 181 ilikuwa ikijiandaa kutua katika uwanja wa Muan, kusini magharibi mwa Korea. Iligongana na kundi la ndege wa porini. Manyoya na damu ya bata mwitu vilikutwa katika injini zote mbili. Ilitua kwa tumbo bila magurudumu, ikateleza hadi nje ya njia yake, ikagonga tuta lenye zege lililobeba vifaa vya kuongozea ndege. Walikufa watu 179, mdogo wao akiwa mtoto wa miaka mitatu. Walisalimika wahudumu wawili tu, waliokuwa nyuma kabisa.

Hatusemi kwamba nauli nafuu ndiyo iliyoleta msiba ule. Bata mwitu hawaulizi bei ya tiketi, na lile tuta halikujengwa na shirika. Serikali yenyewe ilitangaza Januari 2025 kwamba vizuizi vya namna hiyo vitarekebishwa katika viwanja saba. Lakini msiba uliwafanya Wakorea wafungue daftari na kusoma hesabu tuliyoisoma hapo juu kwa jicho jingine. Katika robo ya tatu ya mwaka 2024, kila ndege ya Jeju Air iliruka kwa wastani wa saa 418 kwa mwezi, yaani karibu saa 14 kila siku. Ya Korean Air ilikuwa saa 355. Ndege iliyoanguka ilikuwa imeruka mara 13 katika saa 48 zilizotangulia. Shirika halikungoja kuamriwa: lilitangaza kupunguza safari zake kwa asilimia 10 hadi 15 hadi Machi 2025, ili kuimarisha usalama.

Hapa ndipo tunapotaka wasomaji wetu watue. Kuna akiba iliyo halali kabisa: kumnyima msafiri sinia la chakula, kumlipisha begi la pili, kumbana magoti. Hayo ni ya kuvumilia, nasi tumeyavumilia mara nyingi. Na kuna akiba isiyofaa kuguswa: usingizi wa rubani, saa za fundi, na nafasi ya ndege kupumzika. Ya kwanza humpunguzia msafiri raha. Ya pili humpunguzia amani, naye hana habari.

Msafiri hawezi kuingia karakana kuhesabu spana. Anaweza lakini kuuliza shirika linakaguliwa na nani, na kusoma habari zake kabla ya kutoa fedha. Tukishauliza nani rahisi, tuulize pia amerahisisha nini. Tiketi ni sita, na wanne kati ya wenye tiketi hizo hawawezi kujiulizia.